Lori Zima au Lori la Kuchangia Unapohamia Mbali

Anayekodi lori zima hulipia hata nafasi inayobaki tupu, na mara nyingi pia safari ya gari kurudi bila mzigo. Lakini yeye ndiye anayepanga siku ya kuondoka, na vyombo vyake hupakiwa mara moja na kushushwa mara moja. Lori la kuchangia ni nafuu, kwa kuwa kila mwenye mzigo hulipia nafasi au uzito wake tu. Tatizo ni kwamba mzigo huweza kusubiri ghalani hadi gari lijae, kisha ukahamishwa kutoka gari moja hadi jingine, na hapo ndipo vioo huvunjika na mfuko wa skrubu za kitanda hupotea (heri uufunge kwa utepe wa gundi kwenye ubao wa kitanda chenyewe). Jokofu nalo huenda likalazwa ili kubana nafasi, na likishalazwa halifai kuwashwa papo hapo, bali lisimamishwe kwa saa kadhaa, hata 24, ili mafuta yarudi kwenye kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea. Kwa familia yenye watoto wadogo, naona ni afadhali kulipia lori zima. Mtu mmoja mwenye masanduku machache hana sababu ya kulikodi.