Redio ya sola ya memori kadi kwa vikundi vya kusikiliza Neno: inafaa, ila kadi iandaliwe vizuri

Tunaizungumzia ile redio ndogo ya sola yenye tundu la memori kadi, inayopatikana Mwanjelwa jijini Mbeya, Njombe mjini na kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme kando ya barabara kuu kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Tunaipima kwa kazi moja tu: kuwasikilizisha Agano Jipya watu wa kitongojini, hasa wazee na akina mama ambao hawasomi, au wanasoma lakini Kiswahili cha kitabuni kinawapita. Kwa jumuiya ya watu 12 hadi 20 tunaipendekeza bila kusita. Kwa mkutano wa hadhara haifai kabisa, na hata kwenye jumuiya itawaangusha kama kadi imejazwa ovyo.

Tangu Wamoravian walipofungua kituo Rungwe mwaka 1891, Neno huku kwetu limetembea kwa sauti: mahubiri, nyimbo, mafundisho ya kukaririshwa. Mtume Paulo mwenyewe anawaandikia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Kwa hiyo mama wa Ileje anayekaa na jirani zake kusikiliza Injili ya Marko hapokei kitu pungufu kuliko anayeisoma. Anapokea Neno lenyewe, na anastahili kulisikia vizuri.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo lawama nyingi huangukia, na mara nyingi jua husingiziwa. Paneli iliyobandikwa juu ya redio hizi ni ndogo, sawa na kiganja. Chukua paneli ya wati 0.6. Kwa volti 5 hiyo ni kama mA 120 jua likiwa la utosi. Kwa ukungu wa Tukuyu au mawingu ya Makete hesabu nusu yake, na siku nyingine hata nusu hupati. Betri ya mAh 1000 (yaani inayoweza kutoa mA 1000 kwa saa moja) itahitaji saa 8 hivi za jua zuri, au saa 16 na zaidi za jua hafifu. Inaonekana kidogo, lakini kikundi kinachosikiliza nusu saa kwa wiki kinatumia sehemu ndogo tu ya betri hiyo, kwa sababu kwa sauti ya wastani redio ya aina hii hula kama mAh 200 kwa saa. Paneli inatosha kabisa.

Isichoweza paneli ni kulisha redio inayopiga muziki na mpira kutwa nzima. Redio hukabidhiwa mtunzaji, nyumbani kuna vijana, na Jumapili jioni kikundi kinakuta betri imekufa. Dawa yake ni makubaliano yaliyo wazi siku ya kukabidhi: redio ni ya kikundi, na kadi ya Neno haitoki. Ila pia msiifungie kabatini kwa mwinjilisti ikawa taa chini ya pishi. Mtunzaji na aisikilize na watu wa nyumba yake kila jioni akipenda, mradi asubuhi inawekwa juani.

Unaponunua, fungua mfuniko wa nyuma kwanza. Kama ndani kuna ile betri bapa ya simu za kitochi, BL-5C, au betri ya duara ya 18650, chukua, maana zote zinapatikana mjini na kubadilisha ni dakika moja. Kama betri imechomelewa kwa waya na kufunikwa na gundi, iache. Betri hizi hazipendi kukaa tupu kwa miezi. Redio isiyotumika kipindi chote cha kilimo huamka haishiki chaji tena. Betri ikivimba, itoe na usiichaji hata mara moja. Na kwenye baridi ya Juni hadi Agosti kule Kitulo na Makete, umande unapoganda, usiichaji redio ikiwa ya baridi kiasi hicho. Ilaze ndani, uitoe jua likishapanda. Wengine huitundika jikoni ipate joto, lakini masizi huingia kwenye spika na sauti huanza kukwaruza.

Sasa kadi, ambayo ndiyo moyo wa kazi yote.

Redio nyingi za bei ya chini hazina kioo cha kuonyesha maandishi. Zina kitufe cha mbele na cha nyuma, basi. Agano Jipya lina sura 260. Ukiwa Mathayo 1 na kikundi kinataka Yohana 1, utabonyeza mara 68. Hakuna mzee atakayefanya hivyo, na ndiyo sababu vikundi vingine huishia kurudia sura za mwanzo za Mathayo hadi wanachoka. Kwa hiyo nunua yenye vitufe vya namba, hata kama bei inaongezeka kidogo. Sura zikipangwa kwa mfululizo, kila kitabu kina namba yake ya kuanzia: Mathayo 1, Marko 29, Luka 45, Yohana 69, Matendo 90, Warumi 118, Ufunuo 239. Andika namba hizo kwenye karatasi, funika kwa selotepu pana, bandika mgongoni mwa redio. Wakitaka habari ya mwana mpotevu, Luka 15, wanabonyeza 59.

Ili namba hizo zifanye kazi, kadi iandaliwe hivi. Tumia kadi ya GB 4 hadi 32. Kubwa kuliko hapo huja na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT, na redio nyingi haziusomi. Iumbize (format) kwenye kompyuta kwa mfumo wa FAT32. Faili zipewe namba za tarakimu tatu, 001 hadi 260, maana ukiandika 1, 2, 3 tu, kompyuta inaweza kuweka 10 na 100 mbele ya 2. Kisha nakili kwa mpangilio huohuo, kitabu baada ya kitabu, kwenye kadi tupu. Hili halirukwi: redio nyingi hazifuati majina ya faili, zinafuata yaliyotangulia kuandikwa kwenye kadi. Ukiongeza sura moja iliyosahaulika baadaye, itakaa mwisho, baada ya Ufunuo. Futa yote, anza upya. Usichanganye na nyimbo za kwaya kwenye kadi hiyo, maana wimbo mmoja tu ukiingia katikati unavuruga hesabu yote. Kwaya ipewe kadi yake, iliyopakwa alama ya rangi ya kucha.

Ukubwa wa faili usikutishe. Faili ya sauti ya MP3 ya kiwango cha kbps 64 ni MB 28.8 kwa saa. Rekodi ya Agano Jipya ya saa 20 hivi haifiki MB 600, na kwa sauti ya msemaji kiwango hicho kinatosha. Jihadhari zaidi na kadi bandia, iliyoandikwa GB 32 kumbe nafasi ya kweli ndani ni ndogo mno. Unanakili kila kitu, majina yote yanaonekana, halafu kufika nyaraka za Paulo redio inanyamaza. Kabla ya kugawa, pima kila kadi kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta. Inachukua muda, lakini ni nafuu kuliko safari ya pili ya bodaboda hadi Bulongwa.

Lugha ni uamuzi wa pili kwa uzito. Kiswahili kinawafaa vijana na watu wa mjini. Bibi wa Kikinga au mzee wa Kisafwa ni jambo lingine. Mradi wa tafsiri wenye makao Mbeya umekuwa ukizifanyia kazi Kibena, Kibungu, Kikinga, Kimalila, Kindali, Kinyakyusa, Kinyiha, Kisafwa, Kisangu na Kivwanji. Kujua kama rekodi ya sauti ya lugha yenu ipo, tafuta kwenye programu ya simu ya Bible.is, ambayo ni bure. Kabla ya kujaza kadi 30, wakusanye wazee wawili, wapigie Luka 15, waombe wakusimulie walichosikia. Wakisimulia hadi mwana yule mkubwa aliyegoma kuingia ndani, rekodi inaeleweka. Wakikwama kwenye maneno, tafuta nyingine. Rekodi hizi hutolewa bure kwa ajili ya kusikilizwa, hivyo kuuza kadi zilizojazwa ni kuvunja masharti ya waliozitoa, na ni kumwekea jirani bei juu ya kitu alichotakiwa kupewa.

Sauti: spika yake ni ya wati 3 hivi. Ukifungulia hadi mwisho inapasuka na maneno hayashikiki. Iweke juu ya kigoda au meza, usawa wa masikio ya waliokaa, mgongo wake ukielekea ukutani. Mvua ikipiga kwenye bati hakuna redio ya aina hii itakayosikika, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Aprili kutaneni asubuhi. Na isiwekwe mlangoni alfajiri kuwaamsha majirani. Anayelazimishwa kusikia haji kusikiliza.

Kwa kipindi chenyewe, nusu saa kwa wiki, bila kuhesabu marudio na masimulizi, humaliza Agano Jipya ndani ya wiki 40 na kitu. Tunashauri kuanza na Marko, sura 16 fupi zenye matukio yanayofuatana haraka. Pigeni sura moja, simamisheni, mtu mmoja aisimulie kwa maneno yake, wengine wamsahihishe, kisha pigeni tena ileile. Kiongozi asigeuze kila kituo kuwa mahubiri, maana watu wakizoea maelezo yake wanaacha kusikiliza redio.

Ipo pia Proclaimer, ya shirika la Faith Comes By Hearing la Marekani. Hiyo ina paneli, ina mkono wa kuzungusha kuzalisha chaji, Neno limo ndani tayari, na imetengenezwa kwa kundi la hadi watu 300. Kwa usharika mzima ni bora mara nyingi kuliko hizi. Ila haiuzwi dukani, hupatikana kupitia ushirikiano na shirika lenyewe, na ikiharibika fundi wa mtaani hana spea zake.

Dukani, kabla ya kulipa, chomeka kadi yako uliyoiandaa. Bonyeza 59 uone kama Luka 15 inakuja. Iache ifike katikati, zima, washa. Ikirudi 001 badala ya kuendelea ilipoishia, omba nyingine. Ipeleke nje, funika paneli kwa mkono na kufunua, uone kama taa ya chaji inabadilika. Bei inategemea duka na mapatano, lakini kwa kila redio ongeza betri moja ya akiba, kadi ya pili yenye nakala ileile, na waya wa chaji. Waya ndio hukatika kwanza.