Pampu ya dizeli ilikuwa nzima, na fundi nilimwambia

"Mama, hakuna mwanamume hapo tuongee naye?"

Ndivyo nilivyopokelewa kwenye gereji moja ya pampu za dizeli upande wa Changamwe, Mombasa, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinanijaa. Jina la gereji silitaji. Niliyotendewa nitayataja yote.

Pikapu ni yangu, kitabu chake kina jina langu na dereva ni mimi. Nafuata nazi Kaloleni nazishusha soko la Kongowea, mara tatu au nne kwa wiki, miaka sasa. Niliyekuwa naye siku ile ni mtoto wa kaka yangu anayenisaidia kupakia, hata leseni hana. Fundi mkuu alinipita kama mlingoti wa stima, akaenda kumpa mkono yule kijana, akamuuliza gari lina nini. Kijana akamjibu kwa adabu: "Muulize shangazi, gari ni lake." Yule bwana akanitazama mara moja, kisha akamgeukia tena kijana: "Limeanza lini?"

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kwa siku kadhaa asubuhi pikapu ilikuwa inakataa kushika. Betri nzima, stata inazunguka vizuri, lakini injini kimya. Nikifungua boneti nikabonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, mara thelathini, arubaini, mpaka iwe ngumu chini ya kiganja, nikirudi kupiga stata inashika papo hapo. Barabara tambarare inakwenda. Nikianza kupanda Mazeras inaishiwa nguvu, inashtuka-shtuka, inazima. Nabonyeza tena, inashika tena, nikifika Rabai inazima. Kurudi na mzigo ni mteremko, kwa hiyo nazi zilikuwa zinafika sokoni, ingawa mimi nafika nimechoka roho.

Nilimweleza hayo yote, kwa mpangilio, kama unavyomweleza daktari. Nilipofika kwenye ile pampu ya mkono akanikata: "Mama, hayo waachie mafundi. Dizeli si jiko la mkaa."

Mbele ya watu. Walikuwepo madereva wa malori watatu wamekaa kwenye benchi wanakunywa chai, wakacheka.

Akapiga stata mara mbili, akainua boneti, akasema pampu imekufa, ile kubwa inayopeleka dizeli kwenye injini. Kisha akaongeza tusi la pili: eti nanunua dizeli ya kando ya barabara iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mimi! Nina kituo kimoja ninachojaza, na risiti naweka. Najua vizuri kwamba pampu hizi hazina oili nyingine ndani, dizeli yenyewe ndiyo inayozilainisha, na mafuta ya taa ni mepesi, yanazikausha zikasagika. Ndiyo maana nakaa mbali na majerikeni ya bei nafuu. Tena tangu serikali iweke ile tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, bei yake ikasogea karibu na ya dizeli, na kuchanganya hakulipi kama zamani. Lakini nani alinipa nafasi ya kusema?

Gharama, elfu 68 kufungua pampu, kubadilisha sili na vyuma vilivyolika, kuipima kwenye mashine na kuirudisha. Nikalipa elfu 40 za kuanzia. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na nazi za watu zinanisubiri, na kwa sababu, nasema ukweli, alisema kwa uhakika mkubwa mpaka nikadhani labda kweli mimi sijui.

Zikapita siku, nakodi gari la mtu kufuata mzigo. Wakanipigia simu nije. Pampu imefungwa, inang'aa, injini inanguruma vizuri pale uani. Nikalipa zilizobaki. Sikufika hata Mazeras. Pale Miritini, karibu na stesheni ya SGR, ikaanza kushtuka vile vile, ikazima vile vile. Nikafungua boneti, nikabonyeza pampu ya mkono, ikashika. Nilisimama kando ya barabara malori yananipita mkono umejaa dizeli, machozi yakanitoka kwa hasira.

Haikwenda mbali ikazima tena, tukavutwa kwa kamba kurudi. Fundi mkuu akatoka, hakusema pole. Akamwambia mtoto wa kaka yangu: "Basi sasa ni nozeli." Yaani vile vidude vinavyopulizia dizeli ndani ya injini.

Kama mngeniuliza saa ile ningesema gereji ile ifungwe.

Sasa niseme na hili, maana haki ni haki. Adhuhuri ilipoingia mkubwa akaenda msikitini. Palibaki kijana mmoja mwanafunzi, mwembamba, ovaroli imemzidi. Akaja polepole akaniambia, "Mamangu, nilikusikia siku ile ulivyosema kuhusu pampu ya mkono. Nikujaribie kitu?" Nikamwambia, "Jaribu, mwanangu, mimi sina la kupoteza tena."

Akachukua galoni ya lita tano yenye dizeli safi, akaiweka juu ya bodi, juu zaidi ya injini. Akatoa mpira unaotoka tangini, akaunganisha filta moja kwa moja na ile galoni kwa mpira mwangavu, ule wa dripu ya hospitali. Akapiga stata. Ikashika. Akaiacha inguruma, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akaachia, akakanyaga tena. Robo saa nzima haikutikisika. Kisha akaupachika ule mpira mwangavu kwenye njia ya tangi, akaniita: "Njoo utazame hapa." Nikainama. Dizeli ilikuwa inapita na viputo vya hewa, vidogo vidogo, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Akikanyaga mafuta, viputo vinazidi.

Akanieleza vizuri. Injini kongwe kama yangu, isiyo na kompyuta, haina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ile ile kubwa inayozungushwa na mkanda wa taiming ndiyo inayojivutia dizeli kutoka nyuma. Njia yote kutoka tangini mpaka kwenye pampu inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo tundu likiwepo halitoi mafuta nje, linaingiza hewa ndani. Hutaona tone chini ya gari. Ukilaza gari usiku, dizeli inarudi tangini, asubuhi pampu inavuta hewa tupu. Ukipanda kilima, pua iko juu na tangi liko chini, na injini inadai mafuta mengi, basi ndipo inapovuta kwa nguvu na hewa inaingia zaidi. Kila neno nililosema siku ya kwanza lilikuwa linaelekea huko.

Akaingia chini ya gari na tochi ya simu. Ule mpira, pale unaposhikwa na klipu ya chuma kwenye fremu, ulikuwa umesuguliwa miaka mingi. Kwa juu unaonekana mzima. Alipoukata akanipa mkononi nikaukunja, na ufa ukafunguka kama mdomo wa samaki changu. Mpira mpya na klipu mbili, shilingi 450. Kazi haikuchukua hata saa moja.

Kwa hiyo wenzangu wenye dizeli za zamani, kabla hamjakubali pampu ishuke, dai galoni iwekwe juu. Likienda vizuri na galoni, pampu haina kosa, rudi nyuma ukatafute mpira, filta, kichwa cha filta, chujio la tangini. Mwaga maji ya chini ya filta uone. Washa swichi usikilize ile valvu ya umeme kwenye pampu, inayofungulia dizeli, kama inalia "tik". Haya hayagharimu kitu, na gereji yenye mashine kubwa ya kupimia pampu inayajua vizuri kuliko mimi.

Na hapa ndipo ninapojigonga. Maana lazima nikiri, tangu siku ile pikapu inapanda Mazeras kwa gia ambayo zamani nilikuwa nairudisha, na moshi umepungua. Yule mkubwa aliporudi kutoka msikitini alisema, "Hata hivyo pampu ilikuwa imechoka," na huenda ni kweli, injini hii ina umri wake. Mashine yao ni nzuri. Mikono yao kwenye pampu ni safi, sili hazivuji. Nilikaa siku mbili nikijiambia niwape sifa yao niyamalize.

Siwezi. Kila nikitaka kuwasamehe naisikia ile "jiko la mkaa." Nilimwomba anirudishie hata elfu 20, kwa sababu kazi aliyoniambia ni ya lazima haikuondoa ugonjwa nilioupeleka. Alimjibu nani? Alimjibu mtoto wa kaka yangu: "Mwambie shangazi yako kazi ikishafanyika imefanyika." Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Elfu 68 ni nazi ngapi, mtu asiyepakia nazi hawezi kujua. Na hata hizo naweza kuziacha zipite. Nisichoweza kuacha ni kwamba jibu lilikuwa kinywani mwangu siku ya kwanza, saa ya kwanza, na alilizima kwa sababu lilitoka kwa mwanamke aliyevaa buibui.

Basi pampu yako ikifa kweli, umeshaijaribu na galoni, kawapeni kazi wale, wanaijua. Hapana, nafuta. Tafuteni wengine. Yule mwanafunzi nimechukua namba yake, na akifungua kibanda chake hata chini ya mwembe nitapeleka gari langu huko. Nilimpa elfu mbili akazikataa mara ya kwanza.

Ule mpira mbovu ninao, uko chini ya kiti cha dereva. Mkubwa wake akitaka kuuona aje Kongowea asubuhi, upande wa nazi, na aniulize mimi.