Tathmini ya mfugaji aliyeniuzia mtoto wa mbwa wa wiki 5 akimwita wa wiki 8

Nimesita zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu sikutaka kuiandika nikiwa na hasira, na kwa sababu si kila kifo cha mtoto wa mbwa kina mtu wa kulaumiwa. Sasa hasira imepoa, karatasi nilizopewa ziko mezani mbele yangu, na bado ninampa mfugaji huyu nyota 1 kati ya 5. Hiyo moja ni ya usafi wa chumba cha kupokelea wageni, ambacho kwa kweli kilikuwa safi kuliko sebule yangu.

Huduma kabla ya malipo ilikuwa ya kusifika. Ujumbe ulijibiwa upesi na kwa adabu, picha zilitumwa kila nilipoomba, na umri wa mbwa nilioulizia mara tatu ulijibiwa mara zote tatu kwa maneno yaleyale: wiki 8 kamili. Siku ya kumchukua niliomba kumwona mama yake, nikaambiwa kwamba amepumzika na kwamba huwa mkali akiona wageni karibu na wanawe. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mbwa jike mwenye watoto wa wiki 8 kwa kawaida huwa amekwisha kuanza kuwakwepa, maana meno yao yanamchoma kwenye chuchu. Ukali ule wa kulinda watoto ni wa wiki za mwanzo. Kwa hiyo kisingizio chenyewe kilikuwa kinanieleza umri wa mbwa, ila mimi nilikuwa tayari nimempakata na masikio yangu yalikuwa yameziba.

Nilimwita Doa, kwa sababu ya alama nyeupe iliyokuwa juu ya jicho lake la kushoto.

Usiku wa kwanza nilimwekea chakula laini kilicholowekwa katika maji ya vuguvugu, kama nilivyoelekezwa. Aliingia ndani ya bakuli kwa miguu yote miwili ya mbele, akazamisha pua, kisha akaanza kukinyonya kile chakula badala ya kukilamba, huku nyayo zake zikikandamiza chini moja baada ya nyingine kama mtoto anayekamua ziwa la mama yake. Nilicheka, nikampiga picha. Baadaye aliupata ukingo wa blanketi, akaunyonya hadi akasinzia. Nilipomwandikia mfugaji kwamba mtoto hajui kula, alinijibu kwamba ni ugeni tu na kwamba nimpe maziwa ya ng'ombe, ushauri ambao daktari wa wanyama aliuponda baadaye kwa kuwa maziwa hayo huwaharisha watoto wa mbwa wengi.

Siku ya nne asubuhi hakuinuka. Alitapika povu la manjano, na kufikia adhuhuri alikuwa anaharisha damu yenye harufu ambayo sitajaribu kuieleza. Kliniki walichukua kinyesi kidogo kwa kijiti cha pamba, wakakiweka katika kipimo cha haraka, na muda mfupi baadaye mstari wa pili ukatokea: parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Daktari aliibana ngozi ya shingoni mwake kwa vidole viwili, akaiachia, nayo ikabaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa. Fizi zilikuwa zimepauka na kunata. Alitundikiwa dripu yenye sukari, akapewa dawa za kuzuia kutapika na antibiotiki za kukinga maambukizi mengine, na nikaelezwa bila kufichwa kwamba tiba hiyo haikuwa ya kuua virusi bali ya kuupa mwili muda wa kupambana navyo. Mwili wa Doa haukuwa na akiba ya kuutumia muda huo. Alikufa usiku wa pili.

Ni katika kliniki hiyo ndipo suala la umri lilipojitokeza. Daktari alipomfungua kinywa aliniita nione mwenyewe: meno ya mbele na chonge za utotoni zilikuwapo, lakini magego ya utotoni ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza. Mtoto wa mbwa wa wiki 8 kwa kawaida huwa na meno yote 28 ya utotoni. Makadirio yake yalikuwa wiki 5, au 6 kwa kukisia mno. Nilitoa kadi ya chanjo, tukahesabu pamoja. Kadi ilisema kwamba alichanjwa wiki mbili kabla ya mimi kumchukua. Kwa hesabu hiyo, ingebidi awe amechanjwa akiwa na wiki 3 hivi, takriban siku saba tangu afumbue macho. Chanjo ya kwanza hutolewa kuanzia wiki ya 6. Kadi yenyewe haikuwa na muhuri wa daktari wala ile lebo ndogo inayobanduliwa kwenye chupa ya dawa na kubandikwa kwenye kadi, bali maandishi ya kalamu ya bluu tu.

Mtu anaweza kuuliza kama wiki 3 ni kitu. Kwa mbwa mkubwa si kitu. Kwa huyu zilikuwa zaidi ya nusu ya umri wake. Mtoto wa mbwa hupata kinga yake ya awali kupitia dang'a, yale maziwa mazito ya siku ya kwanza, na kinga hiyo hufifia polepole katika wiki zinazofuata. Hupita kipindi ambacho kinga ya mama imepungua kiasi cha kutomlinda vya kutosha, lakini ingali na nguvu ya kuibatilisha chanjo. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe takriban wiki 16. Ukimtoa kwa mama yake wakati huo, ukamwachisha ziwa ghafla na kumsafirisha, unampeleka kwenye hatari akiwa mikono mitupu. Parvo ilitambuliwa mwaka 1978, na tangu hapo kila anayezalisha mbwa kwa biashara anaijua kama mvuvi anavyoijua dhoruba.

Ninataka kuwa mwadilifu hapa. Siwezi kuthibitisha kwamba Doa aliambukizwa kwa mfugaji. Virusi hivyo huishi kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, hubebwa na viatu, na mfugaji alishikilia kwamba mimi ndiye niliyevileta nyumbani. Hata hivyo sijawahi kufuga mbwa, Doa hakutoka nje hata mara moja, na dalili kwa kawaida huonekana siku 3 hadi 7 baada ya maambukizi. Msomaji atapima. Kuhusu umri, sina shaka yoyote.

Nilipodai nirejeshewe pesa, jibu lilikuja upesi na kwa adabu ileile ya mwanzo: pesa hazirudi, lakini ningeweza kupewa mwingine bure ndani ya juma hilo. Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Mbali na kwamba ilimfanya Doa kuwa kiatu kilichobana mguu, ilikuwa ya hatari, kwa sababu daktari alinionya nisilete mtoto mwingine wa mbwa katika nyumba hii kwa miezi mingi, hata baada ya kupiga deki kwa dawa ya klorini na kuchoma blanketi. Mfugaji aliyeambiwa neno parvo hakuuliza hata swali moja kuhusu hali ya ndugu wa Doa wa tumbo moja.

Nilimuuliza mimi. Alinijibu kwamba wamebaki wawili, wazima kabisa, nao wana wiki 8 kamili. Nilimwandikia kwamba kwa hesabu yake mwenyewe walipaswa sasa kuwa na wiki 9, kisha nikamwomba anitumie picha ya meno yao. Ujumbe umesomwa, na mpaka leo haujajibiwa.