Mashine ya plazma ya ampea 40: miezi minane karakanani Malindi

Wiki ya kwanza nilikuwa tayari kuirudisha dukani mashine hii ya kukatia chuma. Nilimaliza nozeli nne (ile ncha yenye tundu ambamo mwali hutokea) kwenye geti moja, na bado kingo zilitoka kama zimetafunwa na panya. Nilimwaga lawama zote kwa mashine.

Niliinunua Mombasa, nikaipakia kwenye buti ya matatu hadi Malindi. Kabla yake maua ya mageti na madirisha ya wageni nilikuwa nikiyakata kwa grinda, na plati nene kwa gesi. Gesi ya oksijeni haikati alumini wala stenlesi, maana inafanya kazi kwa kuunguza chuma. Plazma huyeyusha kila kinachopitisha umeme, kisha upepo wa kompresa ukapeperusha kilichoyeyuka. Hiyo ndiyo iliyonishawishi, kwa kuwa kazi za reli za mashua huku hazikosekani.

Basi siku moja akapita mzee mmoja, fundi wa zamani wa bandarini, akasimama kuniangalia. "Mwanangu, mbona waikandamiza hivyo? Hiyo si kalamu." Kweli, nilikuwa nikiisugua nozeli juu ya chuma. Tochi yangu, yaani mkono wa kukatia, haina kikombe cha kuburuzia juu ya chuma, kwa hiyo yataka nafasi ya milimita 2 hadi 3. Ukigusa, cheche hurudi, tundu la nozeli linapanuka na kuwa yai, na mkato unaenda mshazari. Mzee akanionyesha kuulaza mkono wa kushoto kwenye plati, ule wa kulia ukapita juu yake kama kwenye reli. Nikitaka mstari ulionyooka naweka engo aini (chuma cha pembe) pembeni.

Sasa mwendo. Usiutazame mwali, tazama cheche zinazotoka chini. Zikitoka zimeinamia nyuma kidogo, digrii 15 hivi, uko sawa. Zikirukia juu usoni, unakimbia na chuma hakijakatika. Zikishuka wima kabisa, unakawia, na mavi ya chuma yatagandia chini mpaka uyang'oe kwa patasi. Mimi nilikuwa mkawiaji, nikidhani polepole ndiyo usafi. Kumbe kwenye plati ya milimita 3 inabidi ukaze mwendo kuliko roho inavyotaka.

Anza ukingoni, nusu ya nozeli iwe nje ya plati. Subiri cheche zitokeze chini ndipo uondoke. Ukilazimika kutoboa katikati, usiisimamishe tochi wima. Ilaze pembeni kwanza, chuma kilichoyeyuka kiruke upande mwingine, kisha iinue taratibu hadi digrii 90. Nozeli zangu zile nne zilikufia hapo, nina hakika. Na ukiachia kitufe, upepo utaendelea kuvuma sekunde kadhaa: uache, unapoza tochi. Nilikuwa nachomoa plagi papo hapo, mjinga mimi.

Ila kuna la pwani ambalo kijitabu cha mashine hakikulitaja: maji. Hewa yetu ni nzito, na kompresa ikibana hewa hiyo maji hujaa kwenye tangi. Asubuhi nikifungua koki ya chini yanatoka kama bomba la msikitini. Upepo wenye maji hula upesi elektrodi, kile kipande cha ndani ya tochi kinachotoa mwali, mwali ukawa unatapatapa. Nimefunga kichujio cha maji karibu na mashine, na siku hizi elektrodi moja inanifikisha mbali. Nikiona kishimo cha katikati kimezama milimita moja na nusu, naitupa na nozeli yake pamoja.

Kwa usalama: kioo cheusi namba 8 cha kulinda macho kinanitosha, na mabati ya zinki nakatia nje, kwa sababu moshi wake utakulaza na homa.

Kuhusu mashine yenyewe, milimita 6 inakata safi. 10 inapita kwa shida. Ile 12 iliyoandikwa kwenye boksi sijaipata. Klempu ya athi, ile inayobanwa kwenye chuma kurudisha umeme, ni ya mchezo, nimeibadilisha, na ninaisugulia kutu kabla ya kuibana. Waya wa tochi ni mita nne tu, kwa hiyo geti la futi kumi na mbili huniamsha katikati ya kazi kwenda kuvuta mashine.