Mashine ya CPAP (inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe usingizini): uzoefu wangu baada ya presha kugoma kushuka

Kama unameza dawa za presha kwa uaminifu na bado haishuki, unaamka kichwa kinauma na mchana unasinzia, nakusihi upimwe usingizi. Mimi nilikuwa kwenye dawa tatu, namba ya juu ikicheza kwenye 160. Daktari aliponiuliza kama nakoroma, mume wangu alijibu kabla yangu: nakoroma, nanyamaza kabisa, kisha nashtuka nikitafuta hewa.

Kipimo nililala nacho nyumbani: mkanda kifuani, kibanio kidoleni, kijimpira chini ya pua. Majibu yalionyesha nina tatizo la pumzi kukatika usingizini (sleep apnea): inakatika au kupungua mara 41 kwa saa. Kuanzia 30 ni hali kali. Kila inapokatika oksijeni hushuka, mwili unashtuka, presha inapanda, na moyo haupumziki usiku kucha. Ukiliacha tatizo hili hivyo unajiweka karibu na kiharusi na mapigo ya moyo yanayoenda ovyo. Anayeendesha gari anaweza kufa kwa kusinzia kwenye usukani hata kabla ya hayo.

Ndipo nikaanza kulala na CPAP. Mashine yenyewe ni kimya, sina lawama nayo. Kazi iko kwenye barakoa. Ile ya kufunika pua na mdomo ilinivujishia hewa hadi macho yakakauka. Ndogo ya puani ndiyo imenifaa. Kina mama, ukisuka rasta nene kamba ya nyuma inateleza, kwa hiyo nafunga kwanza kitambaa cha satini. Umeme ukikatika natumia betri, na kipasha maji cha mashine, kinachotia hewa unyevu, nimekizima maana ndicho kinachonyonya chaji. Unyevunyevu wa Dar unanitosha.

Sasa presha iko 130 na kitu, na daktari amenipunguzia dawa moja. Kwa wengi hushuka kidogo tu, kwa hiyo usiache dawa mwenyewe. Na ivae usiku mzima: utafiti wa SAVE wa mwaka 2016 haukuona viharusi vikipungua kwa waliopewa mashine, lakini kwa wastani waliivaa saa 3 na kidogo tu kwa usiku.

Kinachoniuma ni bima. Dawa zangu wanalipia kila mwezi, mashine wakasema haimo, nikatoa zaidi ya milioni mbili mfukoni. Ukienda kununua, ng'ang'ania kujaribishiwa barakoa mbili tatu ukiwa umelala, mashine ikiwa imewashwa. Ukijaribu umekaa hutajua inavujia wapi.