Uzoefu wangu na mkanda wa alumini wa T kati ya mbao na vigae

Mkanda huu hufunika mwanya pale sakafu mbili zinapokutana, kwa mfano mlangoni. Una urefu wa mita 2.7, kichwa chenye upana wa milimita 30 na mguu wenye unene wa milimita 6 unaozama kwenye mwanya. Ukikata vipande vya sentimita 80 unapata milango mitatu na kibaki cha sentimita 30. Nimeutumia pale laminati (sakafu ya mbao za kushindiliwa) ya milimita 8 inapokutana na vigae, na kwa kazi hiyo naupa alama nzuri, mradi sakafu mbili ziwe usawa mmoja.

Hesabu ya unene ifanyike kabla ya kununua. Kigae cha milimita 9 na gundi yake ya 4 ni 13. Laminati ya 8 na sponji ya 2 inayotandikwa chini yake ni 10. Hapo kichwa kinalala upande, ukingo wake wa upande wa laminati unabaki hewani, na kila ukikanyaga unasikia "tak". Tofauti ikizidi milimita 2 chukua mkanda wa mteremko, ule ulioinama kutoka sakafu ya juu kwenda ya chini. Kuziba pengo kwa silikoni ni kujidanganya, itabonyea tu.

Mwanya niliuacha milimita 14: mguu umeegemea kigae, 8 zinazobaki ni za mbao kutanukia. Kichwa kinafunika laminati milimita 4 hivi, kwa hiyo ukiacha mwanya mpana kuliko huo, kiangazi mbao ikisinyaa ufa utaonekana.

Silikoni inakwenda kati ya mguu na kigae, basi. Fundi atakwambia abandike pande zote ili ishike vizuri, mkatalie. Mvua zikianza mbao inavimba, ikikosa pa kwenda inanyanyuka katikati ya chumba au inang'oa mkanda. Na silikoni iwe ile isiyonuka siki, maana yenye siki inaweza kuila alumini na haishiki vizuri kwenye saruji. Fagia vumbi lote kwanza, bandika, kisha zuia kichwa kwa tepu ya karatasi saa 24 bila kukanyaga.

Kukata: msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, zungushia tepu, uso uwe juu ili makali yabaki chini, malizia kwa tupa. Pima sakafuni kati ya miimo, si juu, kwani fremu nyingi hazijanyooka, halafu punguza milimita 1. Angalia pia mlango: kichwa kinainuka karibu milimita 3, na mlango unaogusa sakafu utakikwaruza.

Mkanda wa aina ya skrubu unashika zaidi, ila mchanga hujaa kwenye vichwa vyake, na kutoboa tundu la fisha (plastiki inayoshika skrubu) la milimita 6 karibu na bafu ni kucheza na bomba.

Lawama yangu ni rangi ya dhahabu: inachubuka haraka na weupe wa alumini unachungulia. Chukua ya fedha.