MCIOB, MRICS au PMP: meneja ujenzi alipie ipi kwanza?

Matangazo ya kazi za ujenzi Nairobi na Dar es Salaam hurudia vifupisho vitatu: MCIOB, MRICS na PMP. Mhitimu aliyetoka chuo cha JKUAT huko Juja au Chuo Kikuu Ardhi huviona kama vyeo vya aina moja, akachukua kile alichonacho rafiki yake. Viwili vya kwanza ni uanachama: wa CIOB, chama cha Uingereza cha wataalamu wa ujenzi, na wa RICS, chama cha Uingereza cha wapima na wakadiriaji. Cha tatu ni cheti cha mtihani wa usimamizi wa miradi kinachotolewa na PMI, taasisi ya Marekani, na mtu anaweza kuwa na PMP bila kuwa mwanachama wa PMI. Zaidi ya hayo, hakuna hata kimoja kinachokupa ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi nyumbani.

Hilo la ruhusa ndilo linalopoteza pesa za watu. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB) na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Kenya ina EBK kwa wahandisi, BORAQS kwa wasanifu na wakadiriaji, na NCA kwa makandarasi. Zabuni ikidai namba ya usajili wa mhandisi, MCIOB haizibi pengo hilo. Na meneja ujenzi yuko katikati: EBK hupokea shahada za uhandisi inazozitambua, na BORAQS si ya fani yake. Kwa Kenya, mahali pa kuanzia ni AAK, chama cha wasanifu na wataalamu wengine wa majengo, chenye tawi la mameneja wa miradi ya ujenzi. NCA nayo hutambua wasimamizi wa saiti. Kwa Tanzania, peleka nakala ya matokeo yako AQRB uulize unaangukia kundi gani, kabla hujalipa ada yoyote ya nje. Jibu lichukue kwa maandishi.

Ukishamaliza hapo, CIOB ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya saiti. Ilianzishwa London mwaka 1834 kama chama cha wajenzi, ikapata hati ya kifalme mwaka 1980, na mwanachama kamili huruhusiwa kujiita Chartered Construction Manager au Chartered Builder. Mwenye shahada inayotambuliwa hupita kwenye tathmini iitwayo Professional Review: anaandika maelezo ya kazi yake katika maeneo matatu, yaani ujuzi wa kazi yenyewe, uongozi, na msimamo wa kitaaluma. Wanaosoma ni watu wa ujenzi, wanajua saiti inavyokwenda.

Kosa linalorudisha maombi mengi ni dogo: neno "sisi". Mwombaji huandika "tulimwaga zege la ghorofa ya tatu, tukakamilisha kwa wakati", na msomaji hajui yeye alifanya nini. Andika: niligundua nondo zimepungua siku mbili kabla ya kumwaga, nikasimamisha kazi, nikamwandikia mhandisi mshauri, nikapanga upya ratiba ya pampu, na ucheleweshaji ukawa siku moja badala ya wiki. Uamuzi, sababu, matokeo. Kosa la pili ni kueleza usalama kwa jumla, kwamba kila mtu alivaa helmeti na buti. Wanataka uonyeshe hatari uliyoitambua wewe, labda mtaro wa mita mbili na nusu usio na tegemeo, na ulichokifanya kabla fundi hajashuka.

RICS, iliyoanza 1868, ni nyumbani kwa wakadiriaji majenzi, yaani wanaokokotoa gharama za ujenzi, ingawa ina njia ya usimamizi wa miradi pia. Kuipata ni safari ndefu. Tathmini yake, APC (Assessment of Professional Competence), hupima kila ujuzi kwa ngazi tatu: kujua, kutumia, na kushauri. Unaandika muhtasari wa uzoefu, unaongeza ripoti ya mradi mmoja yenye maneno 3,000, kisha unakaa mbele ya jopo kwa dakika 60, kumi za mwanzo zikiwa za kuwasilisha ripoti hiyo. Wengi huanguka kwenye ngazi ya tatu. Kuandaa hati ya malipo ya mkandarasi ni ngazi ya pili. Kumweleza mwenye mradi kwa nini akubali au akatae dai la muda wa ziada, ukitaja kifungu cha mkataba na gharama ya kila njia, ndiyo ya tatu. Swali la maadili likijibiwa vibaya, mengine yote hayakuokoi. Tena unahitaji mshauri ambaye tayari ni mwanachama wa RICS: kama ofisini kwako hayupo, mtafute kabla ya kujiandikisha, kwa sababu bila yeye utalipa ada huku umesimama palepale.

PMP ndiyo ya haraka kati ya hizi. Mwenye shahada huhitaji miezi 36 ya kuongoza miradi, saa 35 za mafunzo, halafu mtihani wa maswali 180. Miradi miwili iliyoenda pamoja huhesabiwa miezi yake mara moja tu, na hapo ndipo hesabu za wengi huvunjika. Watu wa ujenzi hushangazwa pia na sehemu kubwa ya maswali kuhusu ajaili (agile), mbinu ya kuendesha mradi kwa hatua fupi fupi iliyokulia kwenye utengenezaji wa programu za kompyuta. Aliyezoea ratiba ya mistari (chati ya Gantt) pekee hupata tabu. Cheti hudumishwa kwa pointi 60 za mafunzo kila miaka mitatu.

Kwa anayebaki kwa mkandarasi, naona MCIOB ndiyo inayolipa. Anayeelekea ofisi za ushauri, au Ghuba ambako kampuni nyingi hufuata utaratibu wa Kiingereza, achukue MRICS akiwa na subira. PMP inamfaa anayetaka kutoka kwenye majengo kwenda nishati, mawasiliano au miradi ya wafadhili. Kuzikusanya zote mapema ni mzigo, kwa kuwa ada za uanachama hurudi kila mwaka, na ukiacha kulipa uanachama lazima uondoe herufi nyuma ya jina lako. RICS hudai pia saa 20 za mafunzo kwa mwaka, angalau 10 zikiwa rasmi.

Njia yoyote utakayochagua, ushahidi hukusanywa saiti, si siku ya kujaza fomu. Kila mwezi weka nakala ya mihtasari ya vikao, ratiba zilizorekebishwa, barua ulizoandika mwenyewe na picha zenye tarehe, ukifuta bei na majina ambayo mteja hataki yatoke. Barua ya msimamizi iombe kazi inapokabidhiwa, ikitaja cheo chako, tarehe za kuanza na kumaliza, na thamani ya mkataba. Miaka miwili baadaye msimamizi huyo atakuwa Kigali au Muscat, na namba yake haipatikani.